Ukurasa wa Kwanza wa Daftari la Wageni

Ilianza Jumapili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa naikumbuka kwa sababu simu ya mama ilikuwa mapajani mwangu inaimba redio, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni naandika notsi za Jiografia. Geti likasukumwa, akaingia msichana ana begi la shangazi kaja begani na ndoo ndogo ya maharage mkononi. Kabla sijaweka kalamu chini, mama alikuwa ameshainuka kwenye cherehani, ameacha gauni la mteja limening'inia chini ya sindano, anakimbia. Mama yangu hakimbii. Ana goti bovu tangu nikiwa mdogo. Siku hiyo alikimbia.

"Shikamoo mama," mama akamwambia yule msichana, akakunja magoti kidogo.

"Marahaba mwanangu," yule msichana akamjibu, akainua shingo kama kikongwe. Wakacheka wote wawili mpaka mama akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Nieleze hapa, mtu asije akadhani wamechanganyikiwa. Yule msichana ni mtoto wa dada yake mama, yaani mama mkubwa wangu, anayelima mahindi huko Dareda. Alipozaliwa alipewa jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo kwa mama yangu yeye ni mama. Wanataniana hivyo tangu alipokuwa anatambaa. Mimi nilipewa jina la bibi mzaa baba. Baba alikwenda machimboni Mererani nikiwa darasa la pili, akarudi mara mbili, halafu hakurudi. Mama na yule bibi hawakuwahi kupatana hata juu ya chumvi ya mboga. Jina langu mama hulitamka lote, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Hajawahi kuniita mama. Nilikuwa najua hilo miaka yote, lakini nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa mtu mwingine mbele yangu.

Tunakaa Nangara, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita vinavyozunguka uwanja wa saruji. Bomba moja, choo kimoja. Sisi ni namba mbili, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia: upande wa ndani kitanda cha mama, upande wa mlangoni kitanda changu. Cherehani inakaa nje barazani kwa sababu ndani haitoshi. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane anayeishi namba moja, jirani na geti, na hapo getini ameandikisha kwa rangi nyekundu: MGENI WA KULALA AANDIKISHWE. MWISHO SIKU TATU.

Anayeandikisha ni mimi. Macho ya bibi yana ukungu, na mwaka juzi aliona mwandiko wangu kwenye barua ya shule akasema huo ndio anaoutaka. Tangu hapo ananiita karani. Kila jioni naitwa, natolewa kauntabuku kubwa lenye jalada jeusi, naandika aliyeingia na aliyetoka. Ukurasa wa kwanza una kichwa WAKAZI, na chini yake kila chumba na watu wake. Kwa kutumia ukurasa huo bibi hupanga zamu za kufagia uwanja na kuosha choo. Kuanzia ukurasa wa pili ni WAGENI: jina, atokako, chumba anachofikia, uhusiano, siku. Mgeni hapangiwi zamu. Mimi ni mtu wa aibu, darasani nikiulizwa swali nalijua jibu nakaa kimya, lakini kwenye lile daftari nilikuwa mtu. Hata fundi simu wa namba tano, kijana mwenye maneno mengi kuliko redio, aliniita "mheshimiwa" alipotaka nimwandikie dada yake siku mbili badala ya moja.

Basi, Jumapili ile mama aliniambia, huku bado ameshika mkono wa yule msichana: "Nenda kamwandikishe dada yako. Mwambie bibi ni mtoto wangu, anakaa wiki mbili mpaka usaili wake wa chuo. Kama ana neno, aniite."

Nikaenda. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Nani huyo kaingia na ndoo, karani?"

"Mgeni wa mama."

"Mgeni gani?"

Nyuma yangu nikasikia mama anacheka tena. Walikuwa wamehamia kwenye Kiiraqw. Mimi nimekulia mjini, Kiiraqw naelewa nusu, na kwa kasi ile waliyokuwa wanaongea sikupata hata robo. Nikasikia jina la bibi mzaa mama mara tatu.

"Mgeni tu, bibi. Wa kijijini."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Haya, andika."

Nikaandika. Mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja. Uhusiano: mgeni. Siku: tatu. Niliporudi mama akauliza bibi amesemaje. Nikasema amesema sawa. Na kweli, alisema haya, na haya ni sawa.

Sikupanga. Watu wakikosa husema hivyo, najua, lakini mimi sikupanga. Ila nilipomaliza kuandika nilijisikia vizuri, na hilo nalo ni kweli.

Usiku huo yule msichana alilala kitandani kwangu, tukalala mzungu wa nne, miguu yake karibu na kichwa changu inanukia mafuta ya mgando. Ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta amepewa kikombe cha bluu. Sisi tuna vikombe vinne, vitatu vina nyufa, na cha bluu ni changu tangu darasa la tano. Mama alimjazia chai kwenye kikombe hicho bila hata kuangalia upande wangu. Mimi nikanywea kile cha njano, ambacho lazima ukishike upande ule usiovuja.

Alipomaliza chai akachukua fagio akaanza kufagia uwanja. Bibi akamzuia akiwa dirishani: "Acha, binti. Mgeni hafagii." Yule msichana akasita, akamtazama mama. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakusikia. Mimi nilisikia. Nikavaa viatu nikaenda shule.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye cherehani. Kwenye kiti cha mama. Mguu wake uko kwenye kanyagio na mama amesimama nyuma yake, ameinama, mikono miwili ya mama juu ya mikono miwili ya yule msichana, wanasukuma kitambaa cheupe pamoja. Mimi nikigusa hata gurudumu la ile cherehani naambiwa toa vidole, hivyo ni vya kalamu, nenda kasome. Nilikuwa nikiona fahari kuambiwa hivyo. Siku hiyo nilisimama na begi langu mgongoni nikaona kwamba miaka yote hiyo mama hajawahi kusimama nyuma yangu hivyo, hata kwa kunisahihishia hesabu, maana hesabu hazijui.

"Ona mkono huu," mama akaniambia, anafurahi. "Mkono wa bibi yako kabisa. Siku moja tu, na kola inakaa sawa."

"Hongera," nikasema. Nikaingia ndani, nikachora ramani ya mito ya Afrika Mashariki, nikaikosea yote.

Jioni hiyo hiyo, tunakula, mama akanieleza kwa nini wiki mbili. Pale mjini kuna chuo cha ushonaji kinachochukua wanafunzi wachache kwa usaili. Kila mmoja anakwenda na shati aliloshona mwenyewe, halafu anashona kola mbele ya walimu. Yule msichana alijua sindano ya mkono tu. Cherehani alikuwa hajawahi kuikalia. Akipita, chuo kina bweni. Asipopita, baba yake ameshasema: kuna mama mmoja amekuja kutoka Arusha na sukari na sabuni, anatafuta msichana wa kazi za ndani, na ameahidiwa huyu.

"Kwa hiyo wiki hizi mbili ndizo alizonazo," mama akasema. "Akirudi Dareda kabla, ameshakwenda Arusha huyo."

Nililisikia hilo Jumatatu, saa mbili kasoro, nikiwa na tonge mkononi. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa na dakika nyingi za kusema: mama, nimeandika tatu. Badala yake nikamtazama yule msichana akimegewa upande mnene wa samaki, nikasema nimeshiba.

Jumanne walicheka mchana kutwa. Nilikuwa narudi kutoka bombani nikawakuta wameinamiana, mama ameshika mbavu.

"Mnacheka nini?"

"Ah," mama akasema, anahema. "Kwa Kiswahili hainogi."

Ningekuwa na jina lile, labda ingenoga. Ndivyo nilivyowaza, na ndoo mkononi, maji yananimwagikia miguuni. Nikahesabu vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kesho jioni bibi ataangalia daftari. Nilikuwa naisubiri Jumatano kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliotazamia kwa mwenzake. Nilitaka ije, na niliiogopa.

Na haya mengine niyaseme. Yule msichana hakunifanyia ubaya wowote. Aliniuliza habari za shule, nikamjibu "poa" mpaka akachoka. Aliniita mdogo wangu. Mimi sikumwita dada hata mara moja. Nilikuwa nasema "wewe," au nakohoa.

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, bibi alitoka chumbani kwake amejifunga kanga mbili, akasimama katikati ya uwanja. Namba tano, yule kijana wa simu, alikuwa barazani kwake anafungua simu ya mtu. Mama alikuwa anapiga pasi. Yule msichana alikuwa kwenye cherehani anatia mkono wa shati, wa kushoto; wa kulia alikuwa hajaukata.

"Fundi," bibi akamwambia mama, "mgeni wako kesho anaondoka saa ngapi?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyu aliyekalia cherehani."

"Huyu si mgeni." Mama alikuwa bado anatabasamu. "Na ana siku kumi na moja bado."

"Kumi na moja za wapi? Zake zimeisha leo."

"Wiki mbili, mama. Si uliambiwa?"

"Niliambiwa na nani?" Bibi akageuka. "Karani. Lete daftari."

Nikalileta. Nilidhani atalifungua yeye, nikasahau kwamba maandishi hayaoni. Akasema, "Soma."

Nikasimama pale. Watu wanne. Darasani kwetu tuko hamsini na kitu, na hawajawahi kuonekana wengi kama wale wanne. Nikasoma jina. Nikasoma Dareda. Nikasoma namba mbili.

"Endelea."

"Uhusiano, mgeni," nikasema.

"Sauti."

"Mgeni. Siku, tatu."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama aliweka pasi pembeni, akaisimamisha kwa makini isiunguze kitu, akaniangalia. Sitaki kuandika alivyoniangalia. Halafu hakuniangalia tena, akamgeukia bibi.

"Mama, mtoto amekosea. Nilimtuma aseme wiki mbili."

"Hata ungetuma miezi miwili, sheria ni siku tatu."

"Sheria ya nani? Subiri." Mama akaingia ndani, akatoka na bahasha anayowekea vyeti vyangu na mkataba wa chumba. "Nina miaka sita hapa. Humu tulitia sahihi mimi na wewe. Nionyeshe palipoandikwa mgeni siku tatu."

"Hapajaandikwa kwa sababu wakati huo nilikuwa sijawajua watu," bibi akasema. "Namba nne alipokea mgeni, akasema ni wa wiki moja. Mwenyewe akahama, mgeni akabaki. Nakwenda kudai chumba changu naambiwa na mgeni kwamba yeye hanijui. Nilimtoa kwa mwenyekiti wa mtaa, ikachukua miezi minne. Choo ni kimoja, fundi. Mtaa wakiniuliza nani analala humu, nawajibu nini?"

"Waambie wanalala wapangaji na ndugu zao. Mimi nimepanga chumba, mama, sijapanga jela."

"Na mimi nimepangisha chumba, sijafungua gesti."

Namba tano akacheka peke yake, kisha akaona hakuna aliyecheka, akainamia simu yake.

Mama akaweka kidole kwenye mkataba. "Hapa. Chumba kitatumiwa na mpangaji na familia yake. Familia yake. Huyu ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Kwetu huyu ni mtoto wangu."

"Hata kwetu ni hivyo," bibi akasema, na sauti yake ilishuka kidogo. "Sikatai. Lakini humu ndani kila mtu ana ndugu. Namba tano peke yake nimeshamwandikia dada wanne, na hakuna anayefanana na mwenzake."

"Bibi, mimi nimeingiaje hapo?" namba tano akasema. "Mama yangu alizaa wengi."

"Na wote wanapenda Jumamosi?"

Namba tano akaanza kutafuta skrubu chini.

"Mimi siwezi kuingia kwenye matumbo ya watu nikahesabu," bibi akaendelea. "Nafuata daftari. Watoto wa humu wako ukurasa wa kwanza, wanafagia, wanaosha choo, nawajua. Huyu ameandikwa mgeni. Na hakuandikwa na adui yako, fundi, ameandikwa na binti yako uliyemzaa. Yeye ndiye anajua kama ana dada au hana." Akachukua daftari mikononi mwangu. "Kesho saa nne nikitoka sokoni nisimkute."

Akaingia ndani. Namba tano naye akakusanya vifaa vyake, akasema kwa sauti ya chini, "Pole fundi," akafunga mlango.

Nilisubiri kupigwa. Mama alikaa kwenye kiti chake, akachukua lile gauni la mteja akaanza kufumua mshono ambao haukuwa na kosa lolote.

"Nilikwambia wiki mbili?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia useme ni mtoto wangu?"

"Ndiyo."

"Basi."

Akavuta uzi wote ukatoka. Akiwa bado anafumua, alisema: "Nikirudi mimi kwa bibi, ataniambia natetea chumba changu. Na ni kweli. Maneno yangu nimeyamaliza." Halafu akamwita yule msichana kwa Kiiraqw, kwa upole, wakaingia ndani pamoja. Hata wakati huo, nimeshafanya nililofanya, niliona wivu kwamba yeye ndiye aliyeitwa ndani.

Nilikuwa bombani naosha vyombo yule msichana aliponifuata. Alichuchumaa, akaanza kusuuza. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimetobolewa na sindano mara mbili, kimefungwa kitambaa cheupe, kipande cha lile lile shati.

"Nilikukosea nini?" akaniuliza. Hakukasirika. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua bei.

Nilitafuta jibu kubwa nikalikosa. "Kikombe," nikasema.

"Kikombe gani?"

"Cha bluu. Ni changu."

Akanitazama, akatazama kikombe chenyewe, kilikuwa mkononi mwake. "Si ungesema tu? Mimi hata sikipendi. Mdomo wake mpana, chai inapoa kabla hujageuka."

"Na mama anakuita mama."

Akamwaga maji, akafungua bomba tena.

"Unafikiri ni raha?" akasema. "Nina miaka mitano nimeanguka na mtungi, nalia, naambiwa mwenye jina hili halii. Wadogo zangu wakikosa wanachapwa, mimi nikikosa naambiwa bibi mzima wewe, huoni aibu. Sijawahi kuwa mtoto wa mtu, mdogo wangu. Nimekuwa mama wa watu tangu sijaota meno." Akaweka kikombe kwenye beseni. "Wewe anakuita jina lako lote. Nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa napenda kusikia."

Nikawaza kwamba ananidanganya ili nimhurumie. Bado sijui.

"Yule mama wa Arusha," akasema, "alinishika mikono akaigeuza hivi na hivi. Akamwambia baba inafaa. Hakuniuliza hata naitwa nani." Akasimama, akajifuta mikono kwenye gauni. "Kesho ukiweza unisindikize mpaka stendi kabla ya shule. Lile begi zito, na sasa kuna shati la mkono mmoja ndani."

Nitakuwa mwongo nikisema wivu uliisha pale bombani. Haukuisha. Usiku nilimwachia upande wa ukutani, ambao ndio mzuri, na bado nilikuwa naona wivu. Ila nilikuwa pia naona mikono ile ikigeuzwa hivi na hivi, na nikikumbuka kwamba mkono wangu ndio ulioandika.

Asubuhi ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi, nilivaa sare nikatoka. Begi la shangazi kaja lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Bibi alikuwa nje kwake anapepea jiko la mkaa kwa kipepeo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona mapema, karani? Hakuna mgeni asubuhi hii."

"Naomba daftari."

"La nini?"

"Kuna mahali nilikosea. Nataka kusahihisha."

Hakuinuka mara moja. Akapepea tena, akakohoa moshi, kisha akaingia ndani akalileta. Nililifungua kwanza kwenye ukurasa wa wageni. Kwenye jina la yule msichana nikapiga mstari mmoja, kwa rula, nikaandika pembeni: limehamishwa. Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza.

"Unafanya nini? Nisomee."

"Namhamishia kwa wakazi. Namba mbili. Uhusiano, mtoto."

"Juzi mgeni, leo mtoto?"

"Juzi nilikuwa na wivu, bibi."

Niliisema hivyo hivyo. Sijui nilipata wapi. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Wivu wa nini?"

"Wa mama."

Bibi akaweka kipepeo chini. Alinitazama kwa yale macho yake ya ukungu, sijui aliona nini, labda sare tu. "Yule ni nani wako?" akauliza. "Usinisomee. Niambie kwa mdomo."

Nikageuka. Yule msichana alikuwa amesimama karibu na begi lake, na mama nyuma yake, ameshika pazia. Walikuwa wamesikia. Nilitamani kukohoa.

"Ni dada yangu," nikasema.

"Sauti."

"Dada yangu."

Bibi akachukua kipepeo akaendelea na jiko lake. "Kwa hiyo namba mbili ina watoto wawili," akasema, kama anaongea na mkaa. "Alhamisi ni zamu ya namba mbili kufagia. Nimeona uwanja bado mchafu. Na choo Jumamosi. Siku akienda chuo utakuja kumfuta mwenyewe, kwa mkono huo huo, sitaki majina ya watu wasiokuwepo. Unasikia, karani?"

"Nasikia, bibi."

Mama aliliinua lile begi kwa mkono mmoja, pamoja na goti lake bovu, akalirudisha ndani.

Kabla sijafunga daftari nilipuliza wino ukauke. Kwenye kisanduku cha namba mbili kulikuwa na mama, na chini yake mstari mtupu niliouruka mwaka juzi, kisha mimi, kisha mistari mingine mitupu. Dada amenizidi miaka mitatu, alistahili ule mstari wa juu yangu. Nilimwandika chini yangu, kwa mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja. Kisha nikachukua fagio nikampelekea.